Mpira wa sensa ya vakyumu: jinsi ya kuubadilisha mwenyewe kwenye gari la zamani

Gari likiwaka vizuri asubuhi Makorora, likafika Pongwe linatetemeka, na Muheza abiria wa nyuma anafungua kioo kwa harufu ya petroli, usikimbilie plagi. Usikimbilie sensa pia. Fungua boneti utafute kampira kembamba keusi, unene kama wa penseli, kanakotoka kwenye manifodi ya hewa, lile bomba linalogawia silinda hewa, na kuishia kwenye kiboksi cha plastiki chenye waya tatu. Kiboksi hicho ndicho sensa ya vakyumu. Mpira huo ndio tutakaoubadilisha leo, na wenzake tukiwafikia.

Mimi nilijifunza hili baada ya kununua vitu ambavyo gari halikuvihitaji. Corolla yangu ya 110, injini 5A-FE, ilianza kutoa moshi mweusi na kunywa mafuta kama lori la mkonge. Gereji ya kwanza wakabadili plagi. Ya pili wakabadili waya za plagi na kifuniko cha distributa, ile inayogawia plagi moto. Ya tatu wakaniuzia sensa ya mtumba. Gari likatulia siku mbili, kisha likarudi palepale. Ndipo nikainama mwenyewe na tochi nikakuta kwamba aliyekuwa na gari kabla yangu ameunga sensa kwa mpira wa dripu. Dripu ileile ya wodini. Asubuhi umebana, mchana injini ikipata moto unalegea mdomoni na kuvuta hewa ya nje. Zile siku mbili za utulivu zilikuja kwa sababu fundi, alipofunga sensa, aliusukuma mpira upya ukashika. Sensa haikuhusika hata kidogo.

Mpira mdogo, kazi kubwa

Injini nyingi za Toyota za miaka ya 1990 tunazoendesha huku, 4A-FE na 5A-FE za Corolla na Carina, 4E-FE ya Starlet, hazina kifaa cha kupima hewa inayopita kwenye ea klina. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, hujua kiasi cha hewa kwa kusoma mgandamizo ndani ya manifodi. Throto, ule mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta, ikiwa imefungwa, pistoni zinavuta na hewa haitoshi, mgandamizo unashuka. Huo ndio vakyumu. Ukikanyaga mafuta throto inafunguka, hewa inajaa, mgandamizo unapanda. Tanga tuko usawa wa bahari, hewa ya nje ina kama kilopaskali 101. Injini nzima ikiwa kwenye silensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, ndani ya manifodi hubaki kilopaskali 30 hadi 40 hivi. Habari hiyo haina njia nyingine ya kufika kwenye sensa ila ule mpira.

Ukichomoka au ukipasuka, sensa inasoma hewa ya nje. Kontroli boksi inaamini umekanyaga mafuta mpaka chini, inamimina petroli. Hapo ndipo moshi mweusi, plagi nyeusi kama masizi ya jiko, gari kuzima kwenye mataa na harufu inayoshika nguo.

Ukibonyea au kukunjika, ugonjwa ni mwingine. Sensa inabaki na habari ya zamani: umekanyaga, injini imeshavuta hewa, lakini kontroli boksi haijaambiwa. Gari linasita, linarusha mara moja au mbili, kisha linakimbia. Watu wengi huita hiyo pampu ya mafuta na kwenda kununua pampu.

Wala usiitegemee taa ya cheki injini. Kwenye Toyota za enzi hizo, ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya kwenye kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti, ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa hupepesa namba ya kosa. Mara 3, kimya kidogo, mara 1: hiyo ni 31, sensa ya vakyumu. Lakini 31 inakuja umeme wa sensa ukikatika au ukipiga shoti. Mpira ukivuja, umeme ni mzima, namba anayoisoma kontroli boksi ni ya kawaida, ila ni ya uongo. Taa haiwaki. Unaweza kuendesha mwaka mzima gari gonjwa lisilolalamika.

Ununuzi, kabla hujagusa kitu

Nilikwenda Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, nikaingia duka la spea la mzee mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wataka nini?"

"Mpira wa vakyumu, mita moja."

"Wa ukubwa gani?"

Nikakaa kimya. Akacheka. "Nenda karudi na wa zamani. Mpira haununuliwi kwa macho."

Kwa hiyo kata kipande kidogo cha mwisho wa mpira wa zamani uende nacho, au pima. Kinachopimwa ni tundu la ndani, siyo unene wa nje. Njia rahisi ni biti za drili: shina la biti ya milimita 4 likiingia kwenye mpira kwa kubana kidogo, mpira ni wa 4. Usipime mwisho uliokaa kwenye kidomo, yaani kale kamrija mpira unapochomekwa, miaka ishirini, huo umeshatanuka, pima katikati. Mpira wa sensa kwenye magari haya mara nyingi ni milimita 3 hadi 4. Iliyobaki ya vakyumu huenda 4, 6, mpaka 8, na ule wa busta ya breki, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, ni mnene zaidi.

Kuhusu aina, hapa ndipo watu wanapoharibu kazi.

Mpira mweusi wa vakyumu wa magari, wenye ukuta mnene, ndio unaotakiwa. Ubonyeze kwa vidole viwili: ukifunga tundu kirahisi, ukuta ni mwembamba, injini itaufunga pia. Ule wa silikoni wa rangi, buluu au mwekundu, unavumilia joto vizuri na kwa sensa unafaa, mradi ukuta wake uwe mnene, kwa mpira wa milimita 3 au 4 ukuta usipungue milimita 2. Lakini silikoni usiipeleke kwenye petroli wala oili, inavimba na kulegea. Palipo na mvuke wa oili, kama mpira unaotoka kwenye kifuniko cha valvu, nunua unaostahimili oili, mwambie muuzaji hivyo hivyo. Mpira wa petroli mnaweza kuutumia kwenye vakyumu kwa dharura, kinyume chake hapana.

Mpira wa dripu, mpira mweupe wa kuvutia maji, ule wa tangi la samaki: usifunge hata siku moja. Plastiki hiyo inalainika kwa joto la boneti, inabonyea, halafu usiku inakakamaa. Kwenye injini ni kama ule msemo wetu wa Tanga, waja leo, waondoka leo.

Nunua mita moja na nusu hata kama unahitaji sentimita 40. Bei yake ni ya soda chache, na ukishaanza utakuta wenzake wawili watatu nao wamekwisha. Ongeza wembe mpya, selotepu ya karatasi na kalamu, bisibisi bapa, plaizi yenye ncha ndefu, tochi, na bomba la sindano jipya la mililita 20 kutoka duka la dawa. Hilo bomba tutalihitaji mwishoni.

Hakikisha ni mpira kweli

Kazi ya nusu saa. Injini ikiwa ya baridi, pitisha kidole kila mpira kutoka mwanzo mpaka mwisho, hasa upande wa chini usioonekana. Ukunje kidogo karibu na ncha: ukiona nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, umekwisha. Mpira mgumu unaogonga kama ubao umekwisha pia, hata kama haujapasuka. Joto la injini limeshaula ulaini wake.

Kisha washa injini, iache kwenye silensa, na uchukue kipande cha mpira wa maji kirefu kama mkono. Ncha moja sikioni, nyingine unaipitisha karibu na mipira. Panapovuja utasikia mlio wa nyoka. Weka mikono, nywele na ncha za kanga mbali na feni na mikanda, na kumbuka feni ya umeme huamka yenyewe hata ukidhani imelala.

Pasipo na mlio lakini una wasiwasi, nyunyiza maji ya sabuni kidogo kwa chupa ya kupulizia, kwenye maungio tu, siyo kwenye distributa na plagi. Mpasuko ukimeza maji, mlio wa injini unabadilika kwa sekunde. Utaona mafundi wakimwaga petroli kwa kifuniko cha chupa kufanya kazi hii hii. Petroli juu ya injini ya moto yenye waya za plagi za zamani! Maji ya sabuni yanakupa jibu lile lile na gari linabaki.

Busta ya breki ina kipimo chake. Zima injini, kanyaga breki mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, vakyumu inafika. Ikibaki ngumu, mpira wa busta au kivalvu chake kina shida, na hiyo ni kazi ya leo leo, siyo ya wiki ijayo.

Kufungua

Injini ipoe. Saa nane mchana Tanga bomba la moshi halipoi haraka, kwa hiyo mimi hufanya asubuhi kabla sijatoka, au jioni upepo wa bahari ukianza. Vuta breki ya mkono, toa ufunguo.

Piga picha kwa simu. Nyingi. Moja ya mbali, kadhaa za karibu, na moja kutoka pembeni inayoonyesha mpira unapita juu ya nini na chini ya nini. Kisha angalia chini ya boneti: magari mengi ya Japani yana karatasi ya kunata yenye mchoro wa mipira yote ya vakyumu. Maandishi ni ya Kijapani, lakini mistari ni mistari.

Sasa kanuni ambayo ukiivunja utajuta: toa mpira mmoja, weka mpya, ndipo uende kwa mwingine. Jirani yangu aling'oa yote tisa kwa pamoja ili "asafishe vizuri", akaipanga juu ya gazeti, upepo ukapita. Alikaa Jumapili nzima. Gari liliwaka Jumanne. Kama ni lazima utoe zaidi ya mmoja, bandika selotepu pande zote mbili na uandike namba: mpira 1, kidomo 1.

Tuanze na wa sensa. Tafuta sensa kwanza. Mara nyingi imefungwa kwenye ukuta ulio kati ya injini na kabini, au karibu na ea klina, imeinuliwa juu. Kuna sababu: kidomo chake kinatazama chini, ili unyevu ukiingia kwenye mpira urudi kwenye injini badala ya kukaa kwenye sensa. Kumbuka hilo wakati wa kufunga.

Ncha ya mpira usiivute. Izungushe kwanza kwa vidole, kushoto na kulia, mpaka isikike imeachia, ndipo uvute taratibu ukiwa umeshika mpira karibu kabisa na kidomo. Kidomo cha sensa ni plastiki iliyochemka miaka mingi. Ukikivuta kwa pembeni kinakatika, na hapo ndipo utakapohitaji sensa kweli. Ukikataa kuachia, pasua mpira kwa wembe kwa urefu, sentimita moja, bila kuzamisha wembe, kisha ubandue kama ganda la ndizi. Mkwaruzo mmoja kwenye plastiki ya kidomo utavuja maisha yote.

Upande wa manifodi kidomo kwa kawaida ni cha chuma. Huku pwani chuma hicho huwa na kutu, hasa gari likilala nje Raskazone au Sahare. Kipitishie msasa laini mpaka king'ae, huku umeziba tundu kwa kipande cha kitambaa ili unga usiingie. Kisha ondoa kitambaa, mulika ndani. Ukiona masizi yameziba, chokonoa kwa waya laini, ukivuta uchafu kuja nje. Tundu la kidomo hiki likiziba nusu, utabadilisha mpira na gari litabaki vilevile, ukadhani mwongozo huu ni wa uongo.

Kuhakikisha tundu liko wazi, mwambie mtu awashe injini kwa sekunde chache huku umeweka kidole juu ya kidomo cha manifodi. Kidole kivutwe kwa nguvu. Injini itanguruma vibaya kwa kuwa sensa haina habari, usiogope, zima.

Baadhi ya magari yana kichujio kidogo cha plastiki katikati ya mpira. Usikitupe. Kipulize kwa mdomo: hewa ipite bila kusumbua. Angalia kilivyoelekea kabla ya kukitoa na ukirudishe hivyo hivyo. Vitu vidogo vingine vyenye rangi mbili au mshale ni vivalvu vya njia moja, navyo vina mwelekeo.

Ukiwa hapo, toa plagi ya umeme ya sensa uitazame. Ukijani kwenye pini ni chumvi ya bahari ikifanya kazi yake. Brashi ya meno kavu na dawa ya kusafishia vifaa vya umeme vinatosha. Lakini ndani ya kidomo cha sensa usipulize kitu chochote: si dawa ya kabureta, si maji, na zaidi ya yote si upepo wa kompresa. Mle ndani kuna kigozi chembamba sana kinachopima mgandamizo, na upepo wa gereji unaojaza tairi za lori unakipasua mara moja.

Kufunga mpya

Weka mpira wa zamani kando ya mpya, kata urefu ule ule kwa wembe, mkato unyooke. Mkasi unabana mpira na kuacha mdomo wa mshazari.

Kama wa zamani nao ulikuwa wa kubahatisha kama wangu, urefu wake si ushahidi. Jipimie. Sensa imefungwa kwenye bodi, manifodi imefungwa kwenye injini, na injini inacheza. Mwambie mtu apige resi utazame inavyoyumba: mpira lazima uwe na ulegevu wa kufuata huo mchezo bila kuvutika. Usiuache mrefu ukaning'inia na kufanya tumbo, kwa sababu tumbo hilo ndilo litakusanya unyevu. Ushuke kutoka sensa mpaka manifodi, usipite karibu na bomba la moshi, usiguse ncha ya bati.

Kona zake ziwe pana. Mpira wa milimita 4 ukiukunja kama kiwiko utajifunga, na umerudi kwenye ugonjwa wa kusita.

Kulainisha ncha tumia maji yenye sabuni kidogo, au mate, ndivyo mafundi wote wanavyofanya hata wasipokiri. Grisi hapana, petroli hapana. Sukuma ukizungusha mpaka kidomo kimezama sentimita moja au moja na nusu. Mpira wa saizi sahihi hukaa bila kufungwa. Kama wa zamani ulikuwa na klipu za chuma, rudisha klipu. Tai ya plastiki unaweza kutumia upande wa chuma. Upande wa sensa usiikaze kwa plaizi, kidomo kitapasuka ndani ya mpira na hutakiona. Na ukijikuta unahitaji tai ili mpira usitoke, ujue umenunua mkubwa. Rudi dukani.

Wenzake

Mpira unaokwenda kwenye regyuleta ya mafuta, kifaa kinachodhibiti mgandamizo wa petroli, ule mfupi mwishoni mwa reli ya nozeli za petroli, unuse ndani ukishautoa. Ukinuka petroli au ukiwa na unyevu wake, kigozi cha regyuleta kimepasuka na petroli inanyonywa moja kwa moja kwenye manifodi. Moshi mweusi wako unaweza kuwa umetoka hapo, na mpira mpya hautasaidia.

Ule wa mvuke wa oili huwa unalainika mpaka kama nyama. Badilisha kwa mpira unaostahimili oili.

Inayokwenda kwenye kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli, na kwenye solenoidi, yaani valvu ya umeme, ile yenye vidomo viwili viwili vya plastiki, fanya kwa utaratibu ule ule wa mmoja mmoja. Vidomo hivyo ni dhaifu kuliko vya sensa.

Busta ya breki usiifanyie ubunifu. Mpira wake una nyuzi ndani ili usibonyee, na una kivalvu cha njia moja, mara nyingi na mshale unaotazama injini. Nunua wa gari lako, mzima au wa mtumba ulio laini bado. Mpira wa rejeta unafanana nao kwa nje tu.

Wenye magari ya kabureta yenye distributa ya kigozi: kampira kanakoingia kwenye hicho kisahani cha pembeni ndiko kanakosogeza moto mbele. Kakipasuka gari linakuwa zito na linapata moto. Vuta ncha ya kampira kazima kwa mdomo, ukisikia hewa inapita bila kizuizi, kigozi ndicho kimetoboka, siyo mpira.

Kuwasha na kupima

Toa waya hasi wa betri kwa dakika moja hivi ili kontroli boksi isahau masahihisho iliyojifunza kwenye uongo wa mpira wa zamani. Redio itapoteza stesheni zake, vumilia. Rudisha, washa bila kukanyaga mafuta, acha injini ipate joto mpaka feni iwake mara moja. Silensa itatangatanga kidogo mwanzoni, kisha itulie kwenye mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika. Pitisha tena kile kipande cha mpira sikioni.

Mwenye geji ya vakyumu aiunge kwenye kidomo cha manifodi kisichotumika. Injini nzima hapa Tanga mshale husimama kati ya inchi 17 na 22 za zebaki, umetulia. Ukipanda Lushoto, kama mita 1,400 juu ya bahari, usishtuke kuona imepungua inchi nne au tano. Kila mita 300 inakula kama inchi moja, na injini haijaugua. Mshale unaotetemeka ni hadithi nyingine, ya valvu au ya plagi.

Kama bado kuna moshi, sasa ndiyo zamu ya kumshuku sensa, na hapa ndipo lile bomba la sindano linapolipa gharama yake. Toa mpira kwenye kidomo cha sensa, unga kipande kifupi cha mpira mpya na bomba la sindano, ukiwa umevuta planja, kile kisukumio chake, kidogo tu kabla ya kuunga. Acha plagi ya umeme ikiwa imechomekwa. Fungua swichi, injini isiwake. Kwa multimita pima kati ya waya wa PIM, unaotoa habari ya sensa, na E2, ambao ni ethi yake, kwa kupenyeza pini ya nguo nyuma ya plagi. Kwenye Toyota hizi, hewa ya kawaida ya usawa wa bahari hutoa kama volti 3.6. Vuta planja: volti zishuke kwa mfululizo bila kuruka. Shikilia planja: zisimame. Zikirudi juu polepole ilhali maungio yamebana, sensa inavuja. Zikiganda tu mahali pamoja hata ukivuta vipi, angalia kwanza kama waya wa VC, unaoilisha sensa umeme, una volti 5. Injini ikiwaka kwenye silensa na mpira umerudishwa, utasoma kama volti moja na nusu.

Nilizipima zangu zote mbili hivyo, ya gari na ile ya mtumba niliyouziwa. Zote nzima. Ya gari nikairudisha mahali pake.

Endesha kilomita kumi au kumi na tano, barabara ya Pongwe na kurudi inatosha, ukisimama na kuondoka mara kadhaa. Toa plagi moja uitazame baada ya siku tatu nne: weusi wa masizi uwe umeanza kugeuka kahawia ya mchanga. Plagi iliyoloa kabisa safisha au badili, maana haitapona yenyewe. Baada ya wiki fungua boneti gari likiwa limetoka safari, bado lina moto, ubonyeze mpira mpya katikati na kwenye ncha zote mbili. Ukiwa umelainika kuliko ulivyokuwa dukani, umeuziwa wa maji, ubadili kabla haujabonyea. Kipande kilichobaki kikunje kwa duara pana, ukiweke na wembe kwenye kisanduku cha dashibodi.